Shangazi, mwalimu anamlalamikia mdogo lakini mimi namuogopea dada yake

Shangazi shikamoo,

Mimi ni baba wa watoto wawili, wa kwanza msichana ana miaka 13, wa pili mvulana ana miaka 8. Jina langu naomba usilitoe.

Naanza na mdogo maana yeye ndo kaibua haya yote. Huyu mtoto ana akili sana tu, aliwahi kuongea na alipoanza akaongea kama mtu mzima, ana miaka mitatu anakwambia "kwa bahati mbaya maji yamepoa baba", tulikua tunacheka na kumrekodi kwenye simu. Sasa kitu chake yeye ni feni. Feni za mezani, za ukutani, mapangaboi ya darini, zote anazijua. Mgeni akiingia badala ya kumwamkia anamuuliza "kwenu pangaboi lina panga tatu au nne?" na akishajibu tu kaisha, ataelezwa habari za mota na kapasita mpaka achoke, na hata akipiga miayo mbele yake mtoto haoni, anaendelea. Umeme ukikatika halii kwa sababu ya giza, analia kwa sababu feni imesimama kabla ya saa yake.

Alafu kuna mengine. Lebo ya nyuma ya shati lazima ikatwe la sivyo havai. Kengele ya shule ikilia anaziba masikio anajikunja. Ukimwambia "subiri dakika mbili" anahesabu, zikipita anakuja kukwambia umesema uongo. Kuna siku mwalimu aliwaambia darasa zima "sitaki kusikia hata pumzi", mwanangu akabana pumzi mpaka macho yakamtoka, wenzake wakacheka, yeye hakuelewa wanacheka nini. Vifungo vya shati bado vinamsumbua, na wenzake wakicheza mpira yeye yuko pembeni anazunguka peke yake. Juzi kati tukaitwa shule, mwalimu akasema kwa upole kabisa kwamba tumpeleke akafanyiwe tathmini, akataja neno Asperger, aina ya usonji (autism), na akashauri tumkataze kabisa habari za feni ili ajifunze kucheza na wenzie.

Nikaanza kusoma kwenye intaneti. Na hapo ndo usingizi wangu ulipoishia shangazi, maana kadri navyosoma namuona mwanangu ndio, ila namuona zaidi dada yake.

Dada yake hajawahi kulalamikiwa na mwalimu yeyote. Kila ripoti imeandikwa mpole, msafi, msikivu. Alikua na rafiki mmoja tu ambae mwaka huu kahama, na tangu ahame binti yangu akitoka shule anapitiliza chumbani, anafunga pazia, anajifunika shuka gubigubi hata kukiwa na joto, na ukimsemesha kabla hajatulia anakua kama hasikii, au anapasuka kilio ambacho hata yeye hawezi kukueleza ni cha nini. Usiku halali. Jumatatu tumbo linauma, Ijumaa haliumi. Kitabu chake cha hadithi ni kilekile, amekirudia mpaka jalada limetoka. Na nimeanza kugundua anacheka kama yule rafiki alieondoka, sauti ileile, hata mwandiko wake wa siku hizi ni wa yule mtoto.

Jioni moja akanipa daftari la hesabu nimkagulie, kumbe kachanganya kanipa jingine. Shangazi, lilikua na sheria. Kaziandika kwa kalamu ya bluu na kila moja kaipiga mstari kwa rula. "Mtu akisema vipi, jibu poa. Usieleze." "Wakicheka wote, cheka, lakini usiwe wa mwisho kuacha." "Angalia katikati ya nyusi, hawajui kama huwaangalii macho." "Usimsahihishe mwalimu hata akikosea." "Wakikaa kimya baada ya wewe kuongea, umekosea kitu, omba msamaha." Kurasa kwa kurasa. Nikalifunga nikamwambia umenipa lisilo lenyewe, akalichomoa mkononi kwangu uso umembadilika, na mpaka leo hatujaliongelea.

Mke wangu hataki kusikia. Anasema kila mtoto na hulka yake, mdogo atakua ataacha, na huyu mkubwa ndo kabisa, "unamtafutia ugonjwa mtoto anaeshika namba tatu darasani". Mama yangu mzazi yeye anasema ni malezi, mama yao kawadekeza, siku nyingine anasema ni chanjo alizochomwa mdogo. Mimi nilijaza dodoso moja la mtandaoni kwa niaba ya binti yangu likaleta alama za juu, nikajaza la kwangu mwenyewe nalo likaleta za juu vilevile, na kusema ukweli sikushangaa, utotoni nilikua najua ratiba ya kila basi linalopita na sikua na mtu wa kukaa nae.

Nimepata nafasi kwa mtaalamu wa watoto mwezi ujao. Nafikiria kumpeleka mdogo kimyakimya bila mama yake kujua, nikishakua na karatasi mkononi ndo nimwambie. Huyu mkubwa sijui hata nianzie wapi. Nimwambie kwamba niliyaona yale maandishi? Nikimpeleka kwa daktari si ndo nitakua nimemthibitishia kwamba ana kasoro? Na kama yote haya yametoka kwangu je?

Baba wa Wawili

*

Marahaba mwanangu,

Nimebadilisha vitu viwili vitatu kwenye barua yako ili watoto wasitambulike, natumaini hutachukia.

Kila nikifika kwenye lile daftari nasimama. Nitarudi hapo, ila ngoja kwanza nikwambie nilivyokuelewa. Una mtoto mdogo ambae mambo yake yako wazi mpaka mgeni wa nusu saa anayaona. Una mkubwa ambae shuleni hana kesi hata moja, lakini wewe ukimtazama unaona mtoto anaechoka kuliko umri wake. Na una mama watoto ambae umeshamuweka upande wa wanaokataa, kiasi kwamba unataka kumzunguka. Hilo la mwisho nitalichokonoa kidogo, nivumilie.

Mimi kwa barua siwezi kukwambia nani ana nini, na dodoso la mtandaoni nalo haliwezi, linakuonyesha tu kwamba kuna cha kuuliza. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayoonyesha kitu hiki. Kinachofanyika ni mtu aliesomea kukaa na mtoto, kucheza nae, kumpa picha azisimulie, kuongea nae, mara nyingi dakika 40 mpaka saa nzima, alafu kuwahoji wazazi kwa kirefu kuhusu mtoto alivyokua tangu mchanga. Masikio nayo hupimwa, maana mtoto asiesikia vizuri anaweza kuonekana kama hajali watu.

Na usishangae huko wakiandika usonji badala ya Asperger. Hans Asperger alikua daktari wa watoto Vienna, mwaka 1944 alichapisha habari za wavulana 4 wenye akili na maneno makubwa makubwa ambao hawakuweza kuendana na wenzao. Lorna Wing, daktari wa akili wa Uingereza ambae mwenyewe alikua na binti mwenye usonji, ndie alielifanya jina hilo lijulikane mwaka 1981. Mwaka 2013 madaktari wa akili wa Marekani wakaliondoa kwenye mwongozo wao, na mwongozo wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika 2022 nao umeliingiza ndani ya usonji, kwa sababu mpaka wa kutenganisha hivi viwili ulishindikana kuchorwa. Wapo pia wanaolikwepa jina lenyewe tangu nyaraka zilizochapishwa 2018 zionyeshe kwamba Asperger alipeleka watoto kwenye kituo cha Am Spiegelgrund ambako watoto walemavu waliuawa wakati wa utawala wa Hitler. Wengine bado wanalitumia kwa sababu ndo jina walilopewa wakiwa wadogo, na mwalimu wa mwanao hajakosea kulitaja. Mimi nataka uangalie kitu kingine, wale watoto 4. Wote wavulana. Picha ambayo walimu wengi wanayo kichwani mpaka leo imeanzia kwa watoto kama wale, ndo maana mwalimu kamuona mwanao na binti yako kapita madarasa yote hayo akiwa mpole, msafi, msikivu.

Tuje kwa mdogo. Watu wengi wanadhani mtoto akiwahi kuongea basi usonji haumhusu, wakati aina hii iliyokua ikiitwa Asperger moja ya alama zake ni hiyohiyo, lugha haikuchelewa ila inatumika kivyake, maneno ya kitabuni, maongezi ya upande mmoja, kauli kuchukuliwa kama ilivyo. Mtoto aliebana pumzi kwa sababu mwalimu kasema hataki kuisikia hakua mtukutu, alikua mtiifu kuliko darasa zima. Ila mtaalamu atataka kuona pande mbili kwa pamoja. Upande wa kuhusiana na watu, na upande wa mambo yanayojirudia, yaani kuzama kwenye kitu kimoja, kung'ang'ania utaratibu, na mwili kuhisi vitu kupita kiasi au pungufu, hiyo lebo na hiyo kengele. Upande mmoja peke yake hautoshi. Mtoto mwenye haya tu anaweza kukosa marafiki na wala asijali feni imesimama saa ngapi, na mtoto mwenye shida ya utulivu na umakini anakatiza watu maneno lakini mara nyingi anaona kwamba amewaudhi. Wapo wenye vyote viwili pia.

Na lazima viwe vilianza udogoni. Kwa hiyo kabla ya kwenda kaeni mkumbuke. Alipokua na mwaka na nusu, alikua anakuonyesha kitu kwa kidole ili tu na wewe ukione, sio kwa sababu anakitaka? Akiitwa jina alikua anageuka? Alikua anajifanya anapika, anapiga simu ya uongo, au alikua anageuza kigari chini juu anazungusha tairi na kulitazama? Zile video mlizomrekodi mkicheka zitafuteni, mtaalamu atafurahi kuziona.

Kuhusu kumkataza feni, naomba ulifikirie tena. Mwalimu ana nia njema, lakini ukimnyima feni hataanza kucheza mpira, atabaki hana mpira na hana feni. Watoto hawa wengi wanapumzikia kwenye hicho wanachokipenda, na rafiki wa kwanza mara nyingi anapatikana hapohapo, mtoto mwingine anaependa waya na mota. Kuna walimu wanaofundishia hesabu na insha kwa kutumia hichohicho. Hatari ninayoiona ni feni kumla mtoto muda wa kulala na wa masomo, hapo mipaka inahitajika, na kwa jinsi ulivyomuelezea iwe mipaka ya saa na ya kuonywa mapema, sio ya kuzima ghafla.

Sasa binti.

Watoto wengi wanajifunza kuongea na watu bila kujua kwamba wanajifunza. Wapo ambao inabidi wakae pembeni, wawatazame wenzao, waandike, wajaribu, wafute, waandike tena. Wasichana wengi wa namna hii, na wavulana pia wapo, wanagunduliwa wakiwa na miaka 14, 25, hata 40, kwa sababu kuigiza kwao kulikua kuzuri mno. Zamani ilisemwa wavulana 4 kwa msichana 1, uchambuzi wa tafiti nyingi uliotoka 2017 ukaishusha mpaka karibu 3 kwa 1, na wengi tunaofuatilia mambo haya tunaamini wapo wasichana ambao bado hawajahesabiwa. Huyo mtoto wako, kama ndo hivo ilivyo, anashinda shule kama mtu anaeongea lugha ya ugenini kutwa nzima, kila sentensi anaitengeneza kichwani kabla haijatoka. Akirudi nyumbani hana tena maneno. Kwa hiyo lile shuka na lile pazia usilichukulie kama jeuri ya kubalehe, na usimfuate na "habari za shule" mlangoni. Mpe muda wake alafu mfuate.

Kwanini sasa, miaka 13? Kwa sababu wakiwa wadogo urafiki ni kucheza, ukicheza unatosha. Umri wake huu urafiki ni mafumbo, vikundi, utani ambao nusu ni kweli, nani kamwambia nani nini. Mahitaji yanapanda ghafla kuliko uwezo wake, na yule rafiki ambae ndie alikua anamtazama ili ajue la kufanya kaondoka. Mtoto anaweza kushika namba tatu darasani na muda huohuo akawa anazama. Mama yake yuko sahihi kwamba masomo ni mazuri, ila masomo hayatuambii yanamgharimu nini.

Lakini na mimi nikuulize. Umejiridhisha hakuna kinachompata huko shuleni? Tumbo la Jumatatu linaweza kuwa uchovu wa kuigiza, linaweza kuwa kuna watu wanamuonea, linaweza kuwa huzuni ya kawaida kabisa ya kuachwa na rafiki, na linaweza kuwa sonona ambayo haina uhusiano na usonji. Watoto wenye usonji wanaonewa zaidi kuliko wenzao na wengi hawasemi, wengine hata hawajui kwamba kile ni kuonewa. Usimuulize "shule ikoje", atajibu poa, si umeona imeandikwa. Muulize kitu cha kushikika, "jana mapumziko ulikaa na nani", "kuna mtu anakuchukulia vitu vyako". Na hili nalisema bila kuzunguka: akisema au kuandika chochote kuhusu kutotaka kuwepo duniani, au ukiona alama za kujikata, usisubiri mwezi ujao, siku hiyohiyo mpeleke hospitali na usimuache peke yake. Vijana wa aina hii wako kwenye hatari hiyo kuliko wengine.

Daftari sasa. Unaweza kunyamaza, na faida yake ni kwamba humuaibishi, lakini anajua uliliona, alikuchomolea mkononi, na ukimya wako ataujazia maana mwenyewe. Soma tena sheria yake kuhusu watu wakikaa kimya. Unaweza kumwambia, na hatari yake ni kwamba atajifunga na kulificha vizuri zaidi. Mimi ningekua wewe ningetafuta wakati hamtazamani usoni, mnatembea au mko kwenye gari, niseme kwa ufupi, "siku ile nilisoma kidogo kabla sijajua si la hesabu, na sijakasirika wala sijamwambia mtu. Umri wako na mimi nilikua sijui watu wanaongeaje, na sikua na hata sheria moja." Alafu ninyamaze. Asipojibu sio mbaya. Au muandikie, huyu ni mtoto wa kalamu, na mruhusu akujibu kwa kalamu, hata baada ya wiki.

Unasema ukimpeleka utakua umemthibitishia ana kasoro. Mwanangu, mtoto anaeandika "umekosea kitu, omba msamaha" ameshaamini kwamba ana kasoro, na mpaka sasa hana maelezo mengine ya kwanini mambo yanamuwia magumu. Wapo vijana ambao wakipata maelezo wanalia kwa kupata nafuu, wapo wanaokasirika na kukataa kabisa kusikia, na wapo wanaofanya vyote kwa zamu. Siwezi kukuahidi wako atakua yupi. Ninachoona ni kwamba umri wake hapelekwi kama furushi, aulizwe, aambiwe anakwenda kufanya nini na nani atajua majibu, na akitaka muanze na daktari kwa ajili ya usingizi na tumbo tu, hapo napo ni mahali pa kuanzia.

Mama watoto. Umeniandikia mengi kuhusu watoto na machache sana kuhusu yeye, na ndani ya hayo machache yumo mama yako anaesema kawadekeza. Hebu kaa kwenye kiti chake. Kila neno la mwalimu kwake linaweza kuwa linasikika kama hukumu ya malezi yake. Na hiyo lawama ina historia, kuna miaka wasomi wakubwa walisema wazi kwamba usonji unaletwa na ubaridi wa mama, Bruno Bettelheim aliandika hivo 1967 na watu wakamuamini, mpaka tafiti za mapacha, ya kwanza ya Susan Folstein na Michael Rutter mwaka 1977, zikaonyesha kwamba urithi una sehemu kubwa. Kwa hiyo huenda mke wako hakatai watoto, anakataa kushtakiwa. Sijui, wewe ndo unaishi nae. Umewahi kumuuliza anaogopa nini, ukamuacha amalize?

Kwenda kimyakimya nakuelewa kwanini kunakuvutia, nafasi yenyewe ni ya kugombania na mwezi ujao sio mbali. Lakini mtaalamu atataka maelezo ya mama, ujauzito, maneno ya kwanza, hayo unayajua yote? Na huyo mtoto kwa ulivyomueleza atamwambia mama yake kila kitu kabla hajavua viatu. Hapo karatasi itaingia nyumbani kama silaha, na utamuhitaji mama huyo kwa miaka mingi ijayo. Upande mwingine, kusubiri mpaka akubali kwa asilimia mia nako ni hasara kwa watoto. Katikati kuna njia, "nafasi iko tarehe fulani, nitakwenda, natamani twende wote, na ukiona huyo mtaalamu anasema upuuzi utamwambia mwenyewe". Kwenda waziwazi mwenzio akiwa hajaridhia sio sawa na kwenda kwa siri, ingawa napo panaweza kuuma. Au muombe aandike yeye anachokiona kwa watoto, bila kusoma chako. Huenda ameona vitu ambavyo wewe hukuviona.

Hofu yake ya jina usiibeze. Zipo shule zinazotumia karatasi kumsogeza mtoto pembeni, na zipo zinazotumia karatasi hiyohiyo kumpa muda wa ziada kwenye mtihani na mahali tulivu pa kukaa. Ndugu wanaongea. Nani aambiwe ni uamuzi wenu, na kwa binti ni uamuzi wake pia. Na mengi hayahitaji karatasi, kukata lebo, kumuonya mdogo kabla ratiba haijabadilika, kusema unachomaanisha, kumuachia mkubwa utulivu wake akirudi. Hayo mnaweza kuanza kesho na mke wako hana haja ya kukubaliana na neno lolote.

La chanjo lijibu wewe kwa mama yako, kwa adabu, usimuachie mke wako. Makala ya utafiti ya daktari Andrew Wakefield ya 1998 iliyoanzisha uvumi huo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, na Denmark walifuatilia watoto zaidi ya 650,000, majibu yakatoka 2019, chanjo ya surua haikuongeza usonji. Na mtu akiwaletea dawa ya kuponya, hasa yale maji ya kunywesha watoto ambayo kiukweli ni kemikali ya kung'arishia nguo, mkatalieni moja kwa moja. Dawa ya kuondoa usonji haipo. Zipo za kusaidia wasiwasi au usingizi, na hizo ni za daktari.

Umeuliza kama yametoka kwako. Sehemu inawezekana, mambo haya yanatembea kwenye familia, na mtoto mmoja akiwa na usonji uwezekano wa ndugu yake kuwa nao ni takriban mmoja kati ya 5, kwa hiyo hujawaza kitu cha ajabu kuwaza wote wawili. Siku ya miadi mwambie mtaalamu na habari za utoto wako hata asipouliza, inamsaidia. Watu wazima nao wanapimwa, wengi wanafika hapo kwa kumpeleka mtoto wakajikuta wanajibu maswali ya mtoto kwa majibu yao wenyewe. Hilo lako halina haraka, binti ndo ana haraka, na kama nafasi ya mwezi ujao inaruhusu mtoto mmoja tu, kaeni wewe na mama yake mjadili aende yupi.

Shangazi